Usiusome Mchu Vibaya



Leo nina ubishi na ninyi mnaofyeka mikoko delta ya Rufiji ili mlime mpunga, pamoja na ninyi wafanyabiashara mnaowakopesha mbegu na chakula mkisubiri mavuno. Mnasema, "Mchu umestawi hapa, basi udongo ni mzuri." Mnausoma mti vibaya.

Kata mzizi wa mchu uutazame. Ndani una vinafasi vingi kama sifongo. Ni njia za hewa, maana tope halina hewa. Vile vijiti vinavyochomoza na kutuchoma nyayo ndiyo pua zake. Mpunga nao una njia za hewa mizizini, ndiyo maana hausongwi na maji jarubani. Hapo wamefanana.

Wanaachana kwenye chumvi. Katikati ya mzizi, kuzunguka mishipa ya maji, mchu una ukuta wa chembe zilizopakwa kitu kama nta. Maji hayapenyi ovyo kati ya chembe. Hupita ndani yake, na zaidi ya asilimia 90 ya chumvi hubaki nje. Kidogo kinachopenya hutolewa kwenye majani. Lamba jani siku ya jua, utaionja.

Mpunga pia una ukuta huo, ila kwa mbegu nyingi ni dhaifu. Pokkali, mpunga wa mashamba ya chumvi ya Kerala, India, una ukuta imara zaidi, nao hustahimili. Wako ukinywa maji hayo, ncha za majani zinakauka na masuke yanajaa mapepe. Wewe unakimbilia urea! Urea haifukuzi chumvi.

Najua mwaka wa mafuriko mazuri unavuna, kwa sababu mto umeiosha chumvi. Mvua ikikatika, maji ya bamvua yanaingia shambani, na deni liko palepale. Mikoko nayo umeshaifyeka, tena ndani ya hifadhi ya msitu.

Kwa maoni yangu, baki na majaruba ya zamani kule juu mtoni. Inua kingo, pandikiza miche iliyokomaa ya mwezi mmoja, si michanga, na pima chumvi ya udongo kabla ya kukopa. Nawe mfanyabiashara, kabla ya kutoa gunia la mbegu, nenda ukalione shamba. Ukikuta visiki vya mchu, rudi na gunia lako.