Fomu ya bima inaniuliza habari za theluji

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zimenibana. Leo siandiki habari za simu mpya wala za lugha gani ya programu ni bora kuliko ipi. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Krismasi ya 2023, na leo nalitoa. Mwenye kampuni ya bima akikasirika, basi akasirike.

Nilipomaliza shahada yangu ya sayansi ya kompyuta, kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kutengeneza tovuti ya kuuzia bima ya safari. Mteja, simtaji, aliniletea maswali kwenye karatasi niyageuze kuwa fomu. Unakwenda wapi: Ulaya, Marekani, Asia, Afrika? Mko wangapi? Halafu swali moja likanichekesha: je, utateleza kwenye theluji? Ukijibu ndiyo, bei inapanda. Mchezo wenyewe ni wa kujifunga vibao miguuni na kuporomoka mlimani, huvunja watu mifupa, na bima nyingi za kawaida haziugusi mpaka uongeze pesa. Sina ugomvi na hilo. Familia ya Nairobi inayowapeleka watoto watatu Uswisi kuteleza inahitaji kujua nani atalipia helikopta. Na hata wasipoteleza, viza ya Schengen haitolewi bila bima isiyopungua yuro 30,000 kwa kila msafiri, inayolipia matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, mzima au maiti.

Nikaitafuta fomu nzima neno "boti". Halimo!

Kwetu ni Mfangano. Kwa asiyejua, hicho ni kisiwa katika Ziwa Victoria, kaunti ya Homa Bay. Unapanda matatu mpaka Mbita, unashuka, unaingia botini, na baada ya saa moja na ushee, kutegemea injini na upepo, umefika Sena. Matatu iliyokuleta Mbita inalazimishwa na sheria, Sura ya 405, kuwa na bima inayomhusu abiria. Ile stika iko pale kwenye kioo. Ukishuka na kukanyaga mchanga, stika inabaki na matatu. Sheria hiyo ni ya magari, nayo huishia pale barabara inapoishia. Hapo ndipo watoto, nyanya, magunia ya unga na kuku wa sikukuu wanapoingia katika sehemu ya safari yenye hatari kuliko zote.

Sasa kisa chenyewe. Desemba ile tulivuka watu tisa wa nyumba moja. Nilijiona mjanja, nikanunua kwa simu bima ya safari ya ndani kwa familia, shilingi 2,400. Tulipofika Sena, mtoto wa dada yangu, miaka sita, aliteleza akishuka botini. Hakuhitaji theluji. Mfupa wa paja. Kituoni walimfunga mguu, wakampa dawa ya maumivu, wakatuambia tuvuke, mguu unataka upasuaji. Ilikuwa jioni. Boti ya kukodi peke yetu, usiku, shilingi 12,000, kisha gari mpaka Kisumu. Nilipiga simu ya bima nikiwa majini, mtoto analia pajani mwa mama yake, nikaambiwa nitume barua-pepe. Pesa tulichanga sisi wenyewe kwenye kikundi cha WhatsApp, kama kawaida yetu.

Majibu yalikuja Januari. Hawalipi, kwa kuwa abiria hakuwa katika "chombo cha umma chenye leseni na ratiba". Nikakisoma kile kifungu. Kweli kimo, ukurasa wa 11. Sikukisoma nilipolipa, na hilo ni kosa langu, nalikubali. Lakini nikuulize wewe uliyekiandika: unamuuzia mtu wa Mfangano bima ya kwenda nyumbani, ulidhani atafika kwa treni?

Mjomba wangu aliponisikia nikilalamika alicheka. "Mwanangu, bima ni kamari. Mwenye kamari hashindwi." Hoja yake si ya kijinga. Ukipiga hesabu ya wastani, mnunuzi wa bima hutoa kuliko anavyopata, la sivyo kampuni ingefungwa. Ndiyo maana sinunui bima ya begi wala ya simu. Begi likipotea nitanunua jingine. Bima inafaa kwa lile usiloweza kulilipia mwenyewe, na zaidi kwa lile lisilosubiri harambee ikamilike. Thamani yake kwetu usiku ule ingekuwa mtu wa kupokea simu ambaye tayari ameahidi kulipia boti.

Tena familia si sawa na msafiri mmoja mara tisa. Sisi wa kompyuta tunajua ubaya wa kuweka seva zote katika chumba kimoja: moto ukiwaka, nakala nazo zimo humo humo. Familia iliyopanda boti moja iko hivyo. Aliyelipa bima yumo botini. Namba ya bima imo katika simu yake, nayo simu imo mfukoni mwake. Anayepaswa kudai fidia huenda ndiye anayetafutwa majini.

Ziwa hili limetufundisha hayo kwa uchungu. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, orodha ya abiria ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili tu. Waliokuwa daraja la tatu, wale wa nauli ya chini, hawakuandikwa popote. Mpaka leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa kukadiria, mamia kwa mamia. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara. Ilijengwa kubeba watu kama 100; waliokufa walipita 220. Safari hii mashine ya tiketi ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya kivuko! Mkata tiketi alikufa, mashine ikapotea, na hesabu ikapotea nayo. Mimi kama mwandishi wa programu, habari ile iliniuma kwa namna ya pekee, kwa sababu kosa lile ni la fani yetu.

Kwa hiyo naposikia kampuni zikisema boti za Mbita haziwezi kukatiwa bima kwa kuwa hazina orodha ya abiria, nasema orodha si muujiza. Mwaka 2009 mradi wa Kilimo Salama ulianza kumkatia mkulima mdogo wa Kenya bima pale pale anaponunua mbegu. Vituo vya hali ya hewa vikionyesha ukame, fidia ilitumwa kwa M-Pesa, bila mtu kwenda kukagua shamba. Na Zanzibar, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni hutakiwa kununua bima ya dola 44 kutoka shirika la bima la huko, ZIC, na huinunua kwenye tovuti. Kumbe mtu anayekwenda kisiwani anaweza kukatiwa bima, ilmradi awe mtalii.

Nauli ya boti hulipwa kwa simu na wengi wetu siku hizi. Malipo hayo yana jina, namba na saa. Kinachokosekana ni chombo gani, na namba ya ndugu aliyebaki nchi kavu. Maswali mawili! Hata simu ya kitochi inayaweza kwa USSD. Ongeza shilingi kumi au ishirini juu ya nauli, mwenye boti asiye na jaketi za kujiokolea asipewe namba ya kupokelea malipo, na kampuni itakuwa na kile inachosema haina.

Sehemu ya orodha nimeshaiandika, kwa usiku nilioiba kutoka kwa kazi ya mwajiri wangu. Majina yanakaa kwenye seva, si botini, na ndugu wa nchi kavu hupata ujumbe boti inapoondoka na inapofika. Sehemu ya bima iko tupu, maana hiyo haiandikwi na mtu mmoja mwenye kompyuta. Mwenye kampuni anayetaka kuiona aniandikie. Au anitafute Mbita tarehe 22 Desemba asubuhi. Tutakuwa kumi mwaka huu, pamoja na mtoto wa dada yangu, ambaye sasa anakimbia kutushinda sote, na safari hii namba zote nimemwachia mjomba.