Leso Katika Sauna

Binti yetu aliyemfuata mumewe Ufini atuuliza: jirani zake wanawake wamemwalika sauna, kukataa aona vibaya, kwenda aona haya.

Nenda, mwanangu, kwao mwaliko huo ni heshima. Wao huingia uchi, wanawake peke yao. Wewe, hata mbele ya wanawake wenzio, sitiri baina ya kitovu na magoti: jifunge leso ya pamba. Nailoni haifai, maana joto hufika nyuzi 80 na kuzidi. Bangili na mikufu ivue nyumbani, isije ikakuunguza. Oga kwanza, tandika taulo pa kukalia, na usimwagie mawe maji pasipo kuwauliza wenzio. Kichwa kikizunguka, toka; hakuna wa kukucheka.