Mwanya Haufungwi kwa Raba

Mwanya kati ya meno mawili ya mbele, inadaiwa, ni kasoro ya kuzibwa mapema, na raba ya kufungia noti, ikizungushwa kwenye meno hayo, inatosha. Mkazi wa Mghange, milimani, ateremke mjini Voi kwa daktari wa meno kutafuta nini?

Kasoro ipi? Pwani na bara, mwanya umesifiwa kuwa uzuri tangu zamani. Mapema ya nini? Mwanya wa mtoto wa miaka 8 ni wa kawaida; mara nyingi hujifunga chonge za juu zinapoota, kwenye miaka 11 au 12.

Raba ndiyo hoja dhaifu kuliko zote. Jino hupungua unene kuelekea ncha ya mzizi, kwa hiyo raba hupanda, ikazama ndani ya ufizi isionekane tena, na mfupa unaoshikilia jino ukaliwa. Meno mawili mazima hulegea, hata kung'oka. Huko si kuziba mwanya, ni kutengeneza pengo.

Tiba zipo. Waya husogeza meno kwa miezi, kisha kifaa maalumu huyazuia yasirudi. Resini ya rangi ya jino huziba mwanya mdogo kwa siku moja. Mwanya unaojitokeza ukubwani mara nyingi huashiria ugonjwa wa ufizi, nao hutibiwa kwanza. Raba ibaki kwenye noti. Meno yapelekwe kwa daktari.