Darubini ya Usiku kwenye Mpaka wa Sheria Mbili

Swali la kama mwindaji aruhusiwe kufunga kifaa cha dijitali cha kuonea gizani kwenye darubini ya bunduki yake huwa na majibu mawili katika miji ya Busia na Malaba, kwa sababu mpaka unaoigawa umegawa pia maana ya uwindaji. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 imeufanya uwindaji wa burudani, uwindaji wa kitoweo na biashara ya nyamapori kuwa makosa ya jinai. Uganda ilishika njia nyingine: mwaka 2001 iliruhusu tena uwindaji wa kulipia, kwa majaribio, katika ardhi zinazopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo. Kwa hiyo shehena ya vifaa hivi inayoshushwa Mombasa na kupelekwa Kampala kwa lori hupita katika nchi ambamo mwindaji ni mhalifu, kisha ikaingia katika nchi ambamo anaweza kupewa kibali.

Kifaa kinachozungumziwa si bunduki wala si sehemu ya bunduki. Ni kamera ndogo yenye kihisi, yaani kipande cha silikoni kinachogeuza mwanga kuwa picha, pamoja na kioo kidogo cha kutazamia na taa ya miale ya infraredi ambayo jicho la binadamu haliioni. Hubanwa nyuma ya darubini ya kawaida ya kulengea, au mbele yake, kisha kikaondolewa kunapokucha. Kile cha nyuma kimependwa kwa sababu alama ya shabaha hubaki ndani ya darubini ile ile ya mchana, na mpigaji halazimiki kuirekebisha bunduki upya kila anapokifunga. Hatimaye uwezo uliokuwa wa majeshi umeshuka hadi bei ya kifaa cha dukani.

Sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, ina tafsiri pana ya silaha: inataja mtutu, sehemu zake, hata nyongeza iliyoundwa kupunguza mlio au mmweko wa risasi. Kinachomsaidia mpigaji kuona hakimo katika tafsiri hiyo. Pengo hilo linaeleweka katika sheria ambayo misingi yake iliwekwa zama za ukoloni, lakini la forodha ni la juzi tu, na ndilo la kushangaza. Orodha ya kimataifa ya kuainisha bidhaa, katika toleo la mwaka 2022, ilitenga namba 8525.83 kwa kamera za kuonea usiku, ila maelezo yake yanazihusu zile tu zenye fotokathodi, yaani utando unaogeuza mwanga kuwa elektroni ili ukuzwe. Kamera ya kihisi cha silikoni, ambayo ndiyo ya bei nafuu na ndiyo inayonunulika kwa urahisi, huangukia 8525.89 pamoja na kamera nyinginezo. Waandishi wa orodha waliitazama teknolojia ya jana huku ya leo ikiwapita ubavuni.

Katika kituo cha pamoja cha mpakani, ambako lori litokalo Kenya hukaguliwa upande wa Uganda na maafisa wa nchi zote mbili, wakala wa forodha anayeandika neno kamera hajasema uongo, na afisa anayempitisha hajakosea. Njia za panya zipo, bila shaka, na boda boda hubeba mengi usiku. Lakini hakuna haja ya njia ya panya kwa bidhaa isiyokatazwa.

Wanaotetea kifaa hiki wana hoja ya kweli, na katika Kaunti ya Busia hoja hiyo ina jina: kiboko. Huko Budalang'i wanyama hawa hutoka majini kunapokuchwa na kula mimea ya wakulima hadi karibu na alfajiri. Sheria ya 2013 iliahidi fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama wa aina zilizotajwa, lakini malipo haya yanajulikana zaidi kwa kuchelewa kuliko kwa kufika. Mkulima aliyekesha akipiga debe ana haki ya kuuliza kwa nini risasi moja iliyolengwa vizuri isiwe afadhali kuliko kundi la watu wenye mikuki na tochi.

Jibu limo katika namna kifaa kinavyofanya kazi. Kikiwa kimefungwa kwenye darubini, kutafuta ni kulenga: kila kinachotazamwa kimeelekezewa mtutu, awe mnyama, mvuvi au mwanamke anayevuka Mto Sio na mzigo kichwani. Ukuzaji wa darubini hupunguza upana wa kinachoonekana, hivyo mnyama huonekana wazi na aliye kando yake haonekani kabisa. Penye mafunjo mambo huwa mabaya zaidi, maana miale ya infraredi hugonga mabua ya karibu na kurudi, kioo kikajaa weupe, na nyuma yake giza likabaki lile lile. Mkataba wa Bern wa Ulaya wa mwaka 1979 uliviorodhesha vifaa vya kulengea usiku vya kielektroniki miongoni mwa njia zilizokatazwa za kuua wanyama, na Mkataba wa Algiers wa mwaka 1968, ambao ni wa Afrika yenyewe, ulikuwa umetangulia kuupinga uwindaji wa usiku.

Hata hivyo, kukipiga marufuku kifaa chenyewe mpakani kungekuwa kosa. Askari wa wanyamapori wanahitaji kuona gizani kuliko mtu yeyote. Kamera za joto, zinazosoma joto la mwili badala ya mwanga, zimesaidia kuwanasa majangili Maasai Mara tangu mwaka 2016. Kinachofaa kudhibitiwa ni muungano wa kifaa na bunduki. Kenya inaweza kuongeza kifungu kimoja katika Sura ya 114, kitakachomtaka mwenye leseni ya bunduki awe na idhini ya pekee kabla ya kufunga kifaa cha kuonea usiku. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo, ambayo hutumia orodha moja ya ushuru, inaweza kuipasua 8525.89 na kuzipa kamera zenye kibano cha darubini mstari wake, ili afisa wa Malaba awe na sababu ya kuuliza mzigo unakwenda kwa nani. Hatua hizi hazizilazimishi Kenya na Uganda kukubaliana kuhusu uwindaji, jambo ambalo hazijakubaliana tangu 2001.