Mimba Ikitoka, Tusiulize "Ni Nani?"



Katika nyumba nyingi za Kolwezi, mimba ikitoka katika mwezi wa pili au wa tatu, swali la kwanza linaloulizwa uani si "Ni nini?" bali "Ni nani?" Mama mkwe humtazama jirani kwa jicho la pembeni, wifi hukumbuka ugomvi wa juzi, mume naye, aliyerudi na uchovu wa zamu ya usiku, huanza kumhoji mkewe amekula nini, amebeba nini, amekwenda wapi. Mwanamke mwenyewe, aliyepoteza damu na tumaini kwa siku moja, hukaa kimya kama mshtakiwa. Juma hili twataka kulijibu swali hilo kwa utulivu, maana elimu imetupa jibu lililo bora kuliko masingizio.

Kwanza tuitazame hesabu. Katika kila mimba 100 zilizokwisha kujulikana, kati ya 10 na 20 hutoka zenyewe, na nyingi za hizo hutoka kabla ya juma la 12. Jambo hili huwapata matajiri na maskini, wa Ulaya na wa Afrika. Basi si laana ya ukoo mmoja, wala si alama ya nyumba iliyorogwa.

Pili, tujue mwili unavyofanya kazi. Kila mama wa Katanga atengenezaye munkoyo amekwisha kuliona fundisho hili katika sufuria yake. Uji wa mahindi ni mzito. Lakini ukipoa kidogo, naye akatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa, baada ya muda uji hulegea, huwa mwepesi na mtamu. Nani ameifanya kazi hiyo? Ndani ya mizizi mna vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo huukata wanga kuwa sukari. Wataalamu huviita vimeng'enya. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi moja maalum, kisha yenyewe hubaki nzima, tayari kuanza tena. Ukiitia mizizi katika uji ungali ukichemka, kazi huharibika, kwa kuwa moto mkali huviua vimeng'enya. Mwili wa mwanadamu unavyo vimeng'enya maelfu, na kila kimoja kina kazi yake, kama wafanyakazi katika kiwanda kikubwa.

Sasa tuitazame mimba changa. Yapata juma moja baada ya kutungwa, kijusi hufika katika tumbo la uzazi, nacho hakina budi kutia mizizi ili kipate chakula. Hutoa vimeng'enya vinavyolainisha na kuyeyusha kidogo ukuta wa tumbo, kipate kujipenyeza. Lakini mwili huweka pia vizuizi, ili kazi hiyo isipite kiasi. Mfano wake tunao karibu. Tangu miaka ya 1950, bwawa la Nzilo huyazuia maji ya Lualaba na kuyaachilia kwa kipimo. Maji yakifungwa yote, mitambo ya umeme husimama. Yakiachiliwa yote kwa mara moja, huleta maangamizi. Vivyo hivyo vimeng'enya vikiwa vichache mno, kijusi hakishiki. Vikikosa vizuizi, mizizi hupenya kupita inavyofaa. Uhai wa mwanzo hutegemea mizani hiyo.

Wakati huohuo chembe za kijusi hugawanyika mbili, nne, nane, na kuendelea. Kila mara, nyuzi zinazobeba urithi wa baba na mama, ziitwazo kromosomu, hazina budi kunakiliwa upya. Vimeng'enya ndivyo waandishi wa nakala hiyo, na kazi yao huhitaji vitamini iitwayo asidi foliki, pamoja na vitamini B12.

Hapa ndipo lilipo jibu kubwa. Yapata nusu ya mimba zinazotoka mapema, au zaidi, zilikuwa na hesabu mbaya ya kromosomu tangu mwanzo: imezidi moja, au imepungua moja. Kosa hilo hutokea mara nyingi katika kuundwa kwa yai la mama, pengine katika mbegu ya baba, kabla mtu yeyote hajajua kwamba kuna mimba. Umri wa mama ukizidi, hasa baada ya miaka 35, kosa hilo huzidi kutokea. Si ndoo ya maji aliyojitwika Jumatatu, wala si neno la jirani. Hakuna aliyelitenda, wala hakuna angeweza kulizuia.

Hata hivyo ziko sababu nyingine ambazo mkono wa mwanadamu waweza kuzigusa: malaria, kaswende, kisukari kisichotibiwa, pombe, tumbaku, na sumu za mahali pa kazi. Juu ya hizi za mwisho, sisi watu wa nchi ya shaba tuna habari yetu wenyewe.

Vimeng'enya vingi hubeba chembe ya madini katikati yake, kama fundi ashikavyo nyundo. Vile vinavyomsaidia kijusi kutia mizizi hubeba zinki. Vitamini B12, ambayo umbo lake lilionyeshwa na Bibi Dorothy Hodgkin wa Uingereza mwaka 1956, ina chembe moja ya kobalti. Lakini mtu asidhani kwamba vumbi la mgodi ni dawa! Mwili wetu hauwezi kuitengeneza B12 kutoka katika kobalti. Huipata katika samaki, mayai, maziwa na nyama. Kobalti ikiingia mwilini kwa wingi huweza kushika mahali pa chuma katika vimeng'enya vipimavyo hewa ndani ya chembe, navyo hudanganyika kana kwamba hewa imepungua. Risasi nayo huifukuza zinki katika kimeng'enya kimoja kinachohitajika ili damu itengenezwe. Mwaka 1999, uchunguzi wa huko Mexico City ulionyesha kwamba kadiri risasi ilivyozidi katika damu ya mama, ndivyo hatari ya mimba kutoka ilivyozidi.

Na kwetu je? Mwaka 2009, wachunguzi wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wa Katanga wakaao chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda walikuwa na kobalti nyingi sana katika mkojo. Mwaka 2018 walieleza habari za Kasulo, mtaa wa hapa Kolwezi ambako watu walianza kuchimba chini ya nyumba zao mwaka 2014. Watoto wa mtaa huo walikuwa na kobalti nyingi, na dalili za kuumizwa kwa nyuzi za urithi. Tena mwaka 2020 walichapisha uchunguzi uliofanyika Lubumbashi, uliolinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro za mwili na wengine 108 wasio na kasoro. Hatari ya kasoro ilikuwa kubwa zaidi ya mara tano kwa watoto ambao baba zao walifanya kazi ya madini. Uchunguzi huo ulihusu watoto waliozaliwa, si mimba zilizotoka, na hesabu yake ni ndogo. Lakini watufundisha neno moja la maana: afya ya mtoto haianzi kwa mama peke yake. Baba naye yumo.

Liko jambo jingine lipasalo kujulikana na kila mama mjamzito. Dawa ya SP, ambayo wengi huiita Fansidar, hukiua kijidudu cha malaria kwa kuvifunga vimeng'enya vyake vinavyotumia asidi foliki. Kwa kuwa kijusi nacho huihitaji sana vitamini hiyo katika miezi ya kwanza, SP ya kinga haitolewi kabla ya juma la 13. Baada ya hapo hutolewa katika kituo cha afya, mara tatu au zaidi, kila safari ikipita mwezi mmoja angalau. Vilevile vidonge vikubwa vya asidi foliki, vya miligramu 5, hudhoofisha SP. Kiasi cha miligramu 0.4 kwa siku chatosha. Kwa sababu hiyo haifai kununua dawa sokoni kwa kukisia. Na homa ikija katika miezi mitatu ya kwanza, isingojwe: zipo dawa nyingine zinazofaa.

Basi tufanye nini?

Baba atokaye mgodini aoge na kuacha nguo za kazi nje ya nyumba, kabla ya kumkumbatia mke au mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake, wala mama mjamzito asizikung'ute. Mawe ya madini yasiwekwe chumbani wala kupondwa uani. Mama aliye na mimba asioshe wala kuchambua madini mtoni. Ikiwa umaskini ndio umsukumao, jamaa na wamsaidie kupata kazi nyingine. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji, isifagiliwe kavu. Mezani, pamoja na bukari, ziwepo lengalenga zisizopikwa kupita kiasi, maharagi, na samaki au yai inapowezekana. Mama anayetazamia mtoto aanze asidi foliki mapema, hata kabla ya mimba. Alale ndani ya chandarua. Akiona damu au akishikwa na maumivu makali ya tumbo, apelekwe hospitali siku ileile, maana pengine mimba imeshika nje ya tumbo la uzazi, na hiyo huua. Akipoteza mimba mara mbili au tatu, aende yeye na mumewe kwa daktari, wote wawili.

Neno la mwisho ni la ulimi. Lugha yetu yatofautisha kutoka na kutoa. Mimba iliyotoka si mimba iliyotolewa. Amwitaye mama aliyefiwa hivyo kuwa mwuaji, au mchawi, amsingizia asiye na kosa, naye amwongezea msiba juu ya msiba. Huyo mama hahitaji hakimu. Ahitaji maji ya moto, chakula, siku kadhaa za kupumzika, na mume aketiye karibu naye bila kuuliza. Uji mmoja ulioletwa na wifi mlangoni, na neno moja la "Pole, dada yangu," vyafaa kuliko maulizo mia.