Dola Milioni 46 kwa Mechi 16: Garasa Ni Nani Hapo?

Wadau, leo tuongee besiboli kidogo. Kuna jamaa mmoja, mrusha mpira wa Japani, jina tumwachie mwenyewe. Mwishoni mwa 2006 Yankees ya New York iliweka dau la dola milioni 26 kwa klabu yake, na hiyo ni ruhusa ya kuongea naye tu! Yeye mwenyewe akapewa milioni 20 kwa miaka mitano. Unajua alicheza mechi ngapi ligi kuu? 16. Muda mwingi uliobaki alisotea ligi za chini.

Watu wakamwita garasa. Mimi nakataa. Kwao alikuwa moto kweli. Ila Japani mrushaji kwa kawaida anaanza mechi mara moja kwa wiki, Marekani ni kila siku ya tano. Mpira wa kule nao unateleza zaidi mkononi. Ongeza lugha, msosi na safari za ndege kila mara. Mkono ni uleule, kazi ni nyingine.

Sisemi wasisajili. Mjapani mwenzake alitua Seattle 2001, mwaka wa kwanza tu akabeba tuzo ya mchezaji bora wa American League. Lakini yule alikuwa mpigaji, sio mrushaji.

Na ile bei hakuipanga mchezaji. Ilikuwa zabuni ya siri, kila klabu inaandika dau lake bila kuona la mwenzake. Aliyekosea hesabu ni bosi, anayezomewa ni mchezaji. Hiyo ni haki kweli?

Tiririka hapo chini.