Sikio Halinunuliwi

Miongoni mwa vijana watungao muziki nyumbani kwa kompyuta imeenea imani moja ambayo yafaa ipingwe kabla haijaota mizizi. Imani hiyo yasema kwamba uzuri wa muziki hutokana na wingi na ughali wa programu-jalizi, yaani vile vijiprogramu vinavyochomekwa ndani ya programu ya kurekodia ili kurekebisha sauti au kuiga ala. Tangu kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilipotoa utaratibu wake wa kuviunganisha mwaka 1996, vimeongezeka hata havihesabiki, na kila kimoja huletwa sokoni kwa sifa tele. Kijana asiye na fedha huvitazama, huvitamani, kisha hujiona maskini wa kipaji kwa kuwa ni maskini wa mfuko. Huko ni kujidhulumu.

Historia yaikanusha imani hiyo. Mwaka 1967 The Beatles walitoa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, santuri iliyorekodiwa London kwa mitambo yenye njia nne tu za sauti. Watetezi wa ughali watajibu kwamba wanamuziki hao walikuwa na studio kubwa na mafundi hodari. Ni kweli. Lakini Bruce Springsteen wa Marekani alikuwa na nini alipoirekodi Nebraska, santuri iliyotoka mwaka 1982? Alikuwa nyumbani, na kinasasauti cha kaseti chenye njia nne. Kompyuta duni ya leo humpa kijana njia nyingi kupita hizo.

Tuulize basi: kazi za lazima ni zipi? Aghalabu ni tatu. Ya kwanza ni kusawazisha sauti nzito na nyembamba, ili besi isimeze sauti ya mwimbaji. Ya pili ni kuibana sauti, ili neno lililonong'onwa lisikike na lililopazwa lisikere. Ya tatu ni kutia mwangwi, ili wimbo upate nafasi. Programu nyingi za kurekodia huja na vyombo vya kazi hizo ndani yake. REAPER hujaribiwa siku 60 bila malipo, na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60. Asiyeweza kulipa hizo anayo Audacity, itolewayo bure tangu mwaka 2000. Atakaye ala anayo Surge, ambayo zamani iliuzwa, na tangu mwaka 2018 ni mali huria.

Wapo wasemao, “Sina fedha, basi nitachukua nakala iliyovunjwa kufuli.” La hasha! Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda programu ya kompyuta kama ilindavyo wimbo. Kijana aibaye chombo cha mwenzake atadai kwa kinywa gani malipo ya wimbo wake utakapoibwa? Tena nakala hizo mara nyingi hubeba virusi, na mwizi huamka asubuhi akakuta kazi yake ya miezi imeteketea.

Sisemi kwamba kununua ni haramu. Nasema ununuzi uje baada ya ujuzi. Kabla hujatoa shilingi, jiulize: ni kazi gani katika wimbo huu nilioshindwa kuifanya kwa chombo nilicho nacho? Ukikosa jibu, funga mkoba. Ukilipata, ijaribu nakala ya majaribio katika wimbo wako mwenyewe, wala si katika wimbo wa mwuzaji. Uangalie kama kompyuta yako yaimudu. Kisha linganisha sauti mbili, yenye chombo na isiyo nacho, zikiwa na nguvu sawa. Kwa maana sikio hudanganyika upesi, likaidhania sauti kubwa kuwa ndiyo nzuri. Vyombo vingi huonekana bora kwa hila hiyo tu.

Wahenga walinena, mchagua jembe si mkulima. Chukua chombo kimoja cha kusawazisha, ukitumie mwezi mzima, mpaka uitambue kila sauti kabla hujaigusa. Ujuzi huo hauna leseni ya kuisha, wala hauhitaji kompyuta mpya. Ulimbikize huo kwanza, na fedha za wazazi wako ziache zifanye kazi nyingine.